Gesi ya Shangazi Beatha

Mbinga Mjini,
Ruvuma.
17 Agosti 2025.

Mpendwa Kaka Osward,

Shikamoo kaka. Habari za Ngara, na shule mnaendeleaje? Wifi Shukrani amepona ule mguu? Huku tunamtaja kila Jumapili kwenye sala. Sisi hatujambo, ila baridi ya mwaka huu imetushika kweli. Baba yuko shambani anachuma kahawa na hataki kusikia habari ya kupumzika. Mimi ni mzima.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Kwenye simu ningekueleza nusu, wewe ungewaka, na tungekata kabla sijamaliza. Basi naomba uisome yote kwanza.

Ni kuhusu lile jiko la gesi ulilomnunulia mama yako mwaka jana, ili aachane na moshi wa kuni unaomkohoza. Mimi ndiye niliyelipeleka Kihagara, nikamwashia, nikakutumia picha. Ulikuwa msimu wa kampeni ya kampuni yetu ya gesi. Mwambao wote wa ziwa, kuanzia Kihagara hadi Mbaha, tuliuza mitungi mingi kuliko kanda nyingine yoyote ya kampuni. Bwana Henry, mkuu wetu wa mauzo, alinisifu mbele ya watu, akaniambia nafasi ya makao makuu Dar es Salaam ikitangazwa nisisite kuomba.

Watu wengi hudhani meneja mauzo wa kanda kazi yake ni kushawishi wateja. Kaka, muda mwingi nakaa mbele ya kompyuta nasoma takwimu. Kila anayenunua mtungi kwetu anaandikishwa, na akija kubadilisha mtupu kwa uliojaa, mfumo unaonyesha jina lake. Mwezi Februari, nikiandaa ripoti, niliacha kidogo kuangalia mauzo nikaangalia wanaorudi kujaza. Mbinga mjini wanarudi. Kitura wanarudi wachache. Mwambao wa ziwa, kimya kabisa. Nikadhani mfumo una hitilafu. Nikatafuta jina la Shangazi Beatha. Hakuwa amejaza hata mara moja.

Jumamosi iliyofuata nikashuka Kihagara. Nilimkuta jikoni nyuma ya nyumba akipuliza kuni zilizolowa mvua, machozi yanamtoka, anakohoa mpaka anainama. Ilibidi apate pumzi kwanza ndipo aitikie shikamoo yangu. Mtungi ulikuwa sebuleni, umefutwa vumbi vizuri, umefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake picha ya harusi yenu.

"Shangazi, gesi iliisha lini?"

"Iliisha kabla ya Krismasi, mwanangu."

"Mbona hukusema?"

"Niseme ili iweje? Kujaza ni mpaka Mbamba Bay. Bodaboda kwenda na kurudi ni karibu sawa na gesi yenyewe. Na Osward usimwambie. Alinipa kwa moyo wake wote."

Nilipita kwa majirani. Karibu kila nyumba mtungi ulikuwa sebuleni kama mgeni wa heshima, na moshi unatoka jikoni.

Mkutano wa kampuni ulikuwa Machi, Mbeya. Bwana Henry alitaka tufanye kampeni ya pili, tupeleke mitungi mingine mwambao uleule, na mimi nisimame nieleze mafanikio. Niliogopa, kaka. Nafasi ya Dar ilikuwa imeshatangazwa na jina langu limo. Ningeonyesha mauzo peke yake, pasingekuwa na tarakimu hata moja ya uongo. Hilo ndilo lililoninyima amani, kwamba ningeweza kusema kweli tupu na bado nikawadanganya wote mle ndani.

Nikaonyesha mauzo, kisha nikaonyesha waliorudi kujaza.

"Scholastica," Bwana Henry akasema, "unajua unatangaza kushindwa kwako mwenyewe?"

"Najua, mkuu. Tumewauzia vyuma. Gesi hatujawauzia."

Nikaomba tusipeleke mitungi mingine, badala yake tuweke wakala wa kubadilisha mitungi Kihagara, na gari letu liwe linamshushia mzigo. Walibishana sana. Mwisho wakakubali tujaribu hadi Julai. Nafasi ya Dar akapewa Alphonce wa Iringa. Ni mtu mzuri na anaiweza kazi, lakini siwezi kusema haikuniuma. Nililia njia nzima kurudi, uso nimeugeuzia dirishani.

Wakala tulimpata, ni Luisa mwenye duka karibu na kanisa. Mwezi Aprili jina la Shangazi likatokea kwenye mfumo. Sikushangilia. Namjua mama yako, anaweza kujaza kwa ajili ya kunisitiri tu, kisha akaurudisha mtungi sebuleni. Sikumpigia simu, nikasubiri.

Mambo hayajanyooka yote. Maharage na ugali wa watu wengi bado anapikia kuni. Kikohozi kimepungua ila hakijaisha, na ningependa Desemba ukija umpeleke mwenyewe hospitali, maana mimi ananizungusha. Mbaha hakuna wakala mpaka leo, na hilo bado napambana nalo. Wakala wa Kihagara kampuni imekubali abaki.

Usimgombeze kwa kukuficha. Mpigie tu, muulize leo amepika nini.

Nisalimie wifi na watoto, Jastin na Hilaria. Baba anakusalimu, na Shangazi Tadea anasema bado anasubiri ndizi za Kagera ulizomwahidi. Mungu awalinde huko ugenini na awafikishe nyumbani salama.

Na hili ndilo nililotaka ulijue kuliko yote: mwezi Juni, nikiwa ofisini na tarakimu za kanda nzima mbele yangu, jina la mama yako lilitokea tena. Mara ya kwanza mtu anaweza kujaza kwa heshima ya ndugu. Mara ya pili amejaza kwa sababu amepika mpaka imeisha. Nilifunga mlango wa ofisi, nikapiga vigelegele peke yangu.

Ni mimi dada yako nikupendaye daima,
Scholastica