Bitiruti za Siku ya Kuondoa Matanga

Mama,

Juzi tuliondoa matanga yako, na nimelipiza. Nakuandikia sasa kwa sababu ungekuwepo ungenikataza.

Nilipika bitiruti, beterave kama ulivyoziita wewe, masufuria makubwa ya kuazima. Nilifuata njia yako: sikumenya, sikukata mkia, na juu nikaacha kishina kidogo ili rangi isiishie majini. Zilipolainika nikazitia maji baridi, ganda likabanduka lenyewe. Kitunguu, ndimu, chumvi kidogo. Majani nikayaunga kwa karanga. Nilikuwa nakusikia kabisa: "Usizichomechome na kisu, unazimaliza."

Mama Aline naye alikuja. Alikaa mbele, akalia kuliko mimi, yeye aliyekuuzia juisi ya bitiruti akiiita dawa ya presha. Mkojo wako ulipotoka mwekundu ukaogopa, akakwambia, "Usiogope Mama, damu mbaya iko inatoka." Ukaamini umepona. Vidonge ukaviacha kimya kimya, mpaka kiharusi kikakuangusha. Namchukia, Mama. Sioni haya kusema.

Muuguzi wa kituo cha afya alinieleza baada ya mazishi. Bitiruti ni chakula kizuri, alisema, inasaidia tumbo na damu, hata presha inaweza kuishusha kidogo, ila haishiki nafasi ya kidonge. Na ule wekundu ni rangi yake tu, huwatokea baadhi ya watu hata wakiwa wazima.

Hao baadhi walinitosha. Mtaa mzima wa Nyamirambo ulikuwa uani kwetu, na kila sahani niliijaza. Ya Mama Aline nilimpelekea mwenyewe. Akasifu upishi, nikamshukuru.

Asubuhi mlango ukagongwa. Wa kwanza alikuwa mke wa fundi cherehani, mzima wa afya, anasema mkojo wake umetoka mwekundu. Akafuata mwingine, na mwingine. Nikawakalisha, nikawauliza kama na wao damu mbaya imewatoka, wote usiku mmoja, kisha nikawaambia ni rangi ya bitiruti tu. Walicheka sana. Kisha wakaanza kuulizana, na walikuwamo walioacha vidonge kwa maneno yale yale ya Mama Aline. Waliondoka pamoja kwenda kwake. Nilisimama barabarani nikamtazama akimwaga chupa zake za juisi mtaroni huku wanamsema, na nilifurahi. Mama, nilifurahi mpaka nikalia.

Jioni alikuja kuniomba msamaha. Hakukaa. Alisema hakukudanganya, aliamini, kwani yeye mwenyewe ana presha na vidonge aliviacha zamani, anakunywa ile juisi tu. Niliitazama miguu yake iliyovimba. Ningeweza kufunga mlango nikangoja, na hakuna ambaye angenilaumu.

Leo asubuhi nilimpeleka kituo cha afya kwa pikipiki, mimi nyuma yake kwenye nyingine nisije nikamgusa. Amepimwa, amepewa vidonge. Tuliporudi alinishukuru mlangoni kwake, akasema nina roho yako. Hajui roho niliyo nayo.

Pumzika, Mama. Jikoni nitapika ulivyonifundisha. Na kuhusu Mama Aline nakuahidi hivi: kila asubuhi nitasimama mlangoni kwake mpaka kidonge akimeze. Sitamwacha afe. Nataka aishi sana, azeeke, na kila akipita hapa aukute mlango wetu bila wewe.

Binti yako.