Chumvi ya Mama

Rugenge, Alhamisi, 30 Juni 1960

Fataki yangu imewaka manjano! Manjano kama nyota za bendera yetu mpya ya uhuru, si ule moshi mtupu wa juzi. Siku ile walimu wenzangu walicheka sana: "Acha, ile iko kazi ya Wazungu."

Kumbe kosa lilikuwa unyevu. Chumvi ya jikoni ndiyo inayoupa moto rangi ile, lakini huku ziwani hulowa yenyewe. Leo niliikaanga kama karanga mpaka ikaacha kulia. Mama alikasirika: "Weye, chumvi ya mboga unaitupa mu moto?"

Fataki ilipopasuka angani, wale wale walimu walipiga kelele kuliko watoto. Mimi nilihesabu vidole vyangu. Vyote vipo.

Tumekula samaki wetu wa mukeke bila chumvi, maana yote iliishia kwenye fataki. Mama ametafuna polepole, kisha akatazama angani kulikopasuka fataki, akasema, "Iko na chumvi ya kutosha."