Jua la Chini ya Kidevu

Mdogo wangu, fundi wa mapaa,

"Ngozi nyeusi haiungui jua, dada, na kofia navaa." Umeandika hivyo kwa kujiamini, kisha ukanitumia picha inayokukanusha! Nimeikodolea macho: paji safi, lakini chini ya kidevu ngozi inabambuka. Jua limepitia wapi? Nikapanda paani kwangu saa sita mchana, jirani akicheka, "Mwalimu, umeota mbawa?" Mabati mapya yakanimulika kutoka chini. Kumbe kofia yako inalinda upande mmoja tu.

Mama hajambo, anakusalimu.

Hicho kidonda cha mdomoni unachokisingizia wembe kina miezi mitatu sasa. Wembe gani huo? Naogopa ni jua hilohilo la mabati, na kidonda kisichopona huweza kuwa saratani.

Wifi, najua nawe unaisoma barua hii. Jumatatu ficha ngazi, umpeleke kwa daktari.

Dada yenu