Kiti cha Mbele na Sindano Yangu

Bagira, siku ya ine

Na mimi sitaacha kushona viatu. Wapende ao wasipende.

Leo mushemasi alinikuta kwa kazi, akasimama mbele yangu na suti yake. "Papa, wazee wote wa kanisa wanakuja kwa maombi ya asubuhi, weye peke yako haukuji. Acha hii kazi ya dunia, ao tutapatia mutu mwingine kiti chako cha mbele."

Nikamujibu: "Mutoto wangu, ni asubuhi watu wanaleta viatu vimepasuka. Unataka waende mujini miguu wazi, sababu mimi niko naimba?"

Akacheka. "Mungu hana haja na viatu, Papa."

Hana haja? Mimi, fundi ambaye Bagira yote inamujua, kila kiatu nakiombea wakati nakishona. Leo mama mumoja alileta buti za kijana wake anayeenda Kamituga kuchimba zahabu. Nikavuta uzi nikisema: Bwana, miguu hii ifike, na irudi. Kama hayo si maombi, basi mushemasi anifundishe mengine.

Lakini kile kiti kitaniuma, siwezi kujidanganya. Nikiwa pale nilikuwa namuona muke wangu akiimba mu kwaya, kabla Mungu amuchukue. Kwa nyuma sitaona hata pahali alikuwa anasimama...

Basi, wakipatie mwingine. Siku ya Mungu nitakaa karibu na mulango, na nitaimba mupaka mushemasi ageuke. Anajua vizuri hakuna sauti kama yangu.