Mstari wa Chini Ndio Uzi Mnene

Jumatatu, 3 Machi
Mpiga besi kaihama bendi. Nikamwambia shemeji, mdogo wa mume wangu — yeye ndiye kiongozi — nipeni mimi nafasi yake. Miaka kumi na moja nawashonea sare, nyimbo zote nazijua! Akacheka mpaka akakohoa. Halafu eti haya shemeji, jifunze huu mmoja, Jumamosi ya wiki ijayo uupige mbele ya wote. Kanipa gitaa la besi na karatasi ya tab. Mistari minne, ndiyo nyuzi nne. Namba zinakuonyesha pa kubonyeza shingoni mwa gitaa. Basi!

Jumatano, 5 Machi
Vidole vimevimba. Shemeji kapita, kasimama mlangoni, kaangalia weee. "Endelea hivyo hivyo, shemeji." Nikafurahi, mjinga mimi.

Jumapili, 9 Machi
Nimeumaliza, namba zote kichwani. Lakini haufanani na wimbo! Mume wangu anasema labda ni spika.

Jumanne, 11 Machi
Nyundo, mpiga dramu, kaja kuchukua suruali, kanikuta napiga. Kauliza mbona nasoma kichwa chini miguu juu. Kumbe kwenye karatasi mstari wa chini ndio uzi mnene! Mimi nikilipakata gitaa, uzi mnene uko juu. Nikajua na karatasi ni hivyo. Vipimo vyangu huvichora nguo inavyovaliwa: kola juu, pindo chini.

Kosa langu, sawa. Lakini shemeji aliliona tangu Jumatano! Nyundo kanifichulia: shemeji kawahadithia wote mazoezini, kawakataza kuniambia. Wiki nzima nachekwa! Na mtu anayekula kwangu kila Jumapili! Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Ijumaa, 14 Machi
Siku tatu sijagusa cherehani. Wateja wanune tu. Vidole vinakimbilia njia ya zamani, navirudisha. Vinakimbia tena. Leo alasiri wimbo umetoka. Wote! Mume wangu kaja mbio kutoka bafuni, sabuni kichwani. "Ndio wenyewe huo!" Nimelia, sikatai.

Jumamosi, 15 Machi
Naandikia hapa mazoezini, gitaa mapajani. Shemeji kaingia na mwanamume mwenye besi mgongoni. Mpiga besi mpya! Walishakubaliana tangu wiki iliyopita. Eti shemeji usichukie, ulikuwa utani tu, mpishe mgeni. Utani! Nikamwambia nisikilizeni kwanza, wimbo mmoja tu. Hana muda, anasema.

Mume wangu ataambiwa nimekosa adabu. Na aambiwe.

Waya wa spika ya besi ni mmoja, nao umechomekwa kwenye gitaa nililoshika mimi. Mgeni kasimama na lake, anangoja nichomoe. Shemeji kaniita mara tatu, nainamia daftari. Nyundo, aliyekuwa haniangalii tangu niingie, kainua macho. Kainua na vijiti. Anahesabu, moja, mbili — naweka kalamu