Mkono wa Babu Kisirani

Jumatatu, 2 Machi

Shemeji Mkono,

Salamu nyingi sana. Hujambo? Dada yangu hajambo? Goti lake linamsumbua bado, au ameacha kubeba ndoo? Sisi huku wazima, ila pengo uliloniachia mdomoni hadi leo linapiga mluzi nikitamka jina lako. Haya, cheka.

Simu yangu umeifungia mwaka wa nne huu, ndiyo maana natuma barua kwa basi kama watu wa zamani. Ukitaka kuichana, ichane ukishaisoma.

Filamu imekamilika. Babu Kisirani, Sehemu ya Pili, inaanza kuonyeshwa tarehe 20, huku na huko kwenu pia. Najua unavyoisikia ndani ya roho. Miaka kumi na nane tumemchezesha mwanasesere yule ndani ya koti moja mimi na wewe, mimi kichwa cha Babu na mkono wake wa kushoto, wewe mkono wake wa kulia, umejibana kwapani kwangu mpaka nikajua umekula nini asubuhi. Watu walimpenda Babu kwa kofi lake, na kofi lilikuwa lako. Hilo halibishaniwi.

Lakini dairekta alipotaka safari hii Babu asipige, ungeweza kukataa kwa mdomo. Ulichukua stendi ya taa ukampasua kichwa, nikaingia kati, jino langu likaenda. Yamepita. Nimesamehe, ingawa hujaomba.

Sasa mkono wa kulia anao mtu mwingine. Ameniapisha nisikutajie jina mpaka ukae kwenye kiti utazame. Anaogopa hukumu yako kuliko ya dunia nzima. Nakuomba kitu kimoja tu: usiseme neno kabla hujaitazama.

Mpwa wangu hajambo, anakusalimia.

Shemeji yako,
Kichwa


Jumanne, 10 Machi

Shemeji Kichwa,

Salamu zimefika. Mimi mzima kama shoka. Dada yako mzima, goti linauma, na ndoo bado anabeba kwa sababu ni mbishi, ukoo wenu wote ni wabishi.

Kutazama sihitaji. Nimeshaona tangazo lenu kwenye simu ya mteja. Nilikuwa nyuma ya gogo langu hapa buchani napasua mbavu, jamaa akanisogezea simu, "Mkono, hebu ona wenzako." Nikaona. Babu anainua mkono, mbele yake kale kajukuu kanakolia, mkono unapanda vizuri, unafika juu... unasimama! Ndiyo mwisho! Shemeji, hiyo nini? Kofi linatoka begani, linapita kwenye nyonga, linatua shavuni. Babu asiyepiga ni babu gani? Ni koti limetundikwa!

Na huo mkono wenyewe unatetemeka. Nimeuona. Umemtoa wapi huyo, kwenye duka la sufu?

Wateja walikuwa saba dukani. Wanne wakasema aibu, watatu wakasema tungoje filamu yenyewe. Mmoja wa wale watatu akanena eti kofi limepitwa na wakati. Ah! Muuza mkaa akamtandika mgongoni kwa paja zima la mbuzi, mwingine akarusha jiwe la mizani, kioo cha kabati kikamwagika juu ya maini. Damu ya watu na ya ng'ombe hutofautishi. Nilicheka mpaka nikakaa chini, sijacheka hivyo tangu nitoke kwenu.

Halafu wakaniomba niseme neno, wakaniwekea simu usoni. Nikasema. Nimesema, "Huyo si Babu Kisirani. Mkono ule ni wa mwizi, umeingia kwenye koti la mtu. Na mkono wa mwizi mnajua dawa yake." Nikashusha shoka kwenye gogo, kacha! Wanasema maneno hayo yamekwenda mbali, watoto wa shule wanayaimba.

Binti yangu anaendeleaje na ushonaji? Usimpeleke kwenye uchafu wenu huo. Bado amenuna? Nimemzaba kofi moja tu maisha yake yote, siku alipoangusha mkono wa Babu topeni akiuchezea. Alikuwa na miaka tisa. Tangu siku ile hakuuangusha tena. Kofi ni elimu, mwambie dairekta wako.

Shemeji yako,
Mkono


Jumapili, 22 Machi

Shemeji,

Natumaini mko salama huko. Huku si salama, sitakudanganya.

Ijumaa tulifungua. Ukumbi ulijaa, watu wamevaa makoti ya viraka kama la Babu, wengine wamejichora mashavu mekundu kama waliopigwa. Nusu ya kwanza walicheka mpaka wakalia. Kisha ikaja ile sehemu, Babu akainua mkono, ukumbi mzima ukavuta pumzi, mkono ukasimama. Kilichofuata sikuelezi, njoo uone kwa macho yako. Lakini wengi hawakukiona, maana walishaanza.

Mtu mmoja mnene alisimama akaanza kuimba maneno yako. Yako, shemeji. "Mkono wa mwizi, kata!" Nyuma wakaitikia, "Kacha!" Mama mmoja mbele alikuwa analia kwa kuguswa, jirani yake akamwambia anyamaze, mama akavua kiatu akampasua nyusi. Viti vimeng'olewa pamoja na skrubu zake. Kuna mzee nimemwona kwa macho yangu akimng'ata sikio mwanawe wa kumzaa, kwa sababu kijana alipiga makofi. Wanaoipenda filamu wanawapiga wasioipenda, na wasioipenda wanapiga kila mtu.

Na jana wamechora mkono uliokatwa kwenye mlango wa karakana yetu, kwa damu. Ya kuku, namshukuru Mungu.

Jumamosi hii, mkataba unatulazimisha kumtoa Babu asalimie watoto nje ya jumba la sinema, saa tisa alasiri. Babu mwenyewe, mimi, na huyo mwenye mkono. Nakupigia magoti, shemeji. Mwambie mteja wako akurekodi tena, useme ulikuwa unatania. Maneno mawili tu. Wewe ndiye wanayemsikiliza.

Nimekula kiapo, jina siwezi kulitaja. Lakini nakuomba kwa jina la dada yangu. Sijawahi kukuomba hivyo.

Kichwa


Jumanne, 24 Machi

Shemeji,

Hujambo. Sisi hatujambo.

Sitanii na sikutania. Miaka minne nakata mifupa kwa mkono uliochekesha nchi nzima, hakuna aliyekuja kuuliza umefia wapi. Leo wamekumbuka, unaniambia ninyamaze? Waving'oe viti! Waning'olee na mlango! Mtu akivaa mkono wangu avae na maumivu yake.

Nimerekodiwa tena, ndiyo, jana. Nimerudia yaleyale, ila nimetaja na saa tisa na mahali, wanaotaka kumsalimia mwizi wajue pa kumpata. Wamtie adabu kidogo, hataniibia tena.

Nimempa dereva kifurushi, ndani mna mifupa ya supu na kipande cha paja, ni cha binti yangu. Mwambie ale, alikuwa kakonda alipoondoka. Na Jumamosi abaki nyumbani.

Mkono


Jumatatu, 30 Machi

Shemeji,

Sijui niulizeje hali.

Jumamosi tulikuwa chini ya meza yenye kitambaa cheusi, tumeinama, Babu yuko juu anasalimia. Watoto kama ishirini walishamshika mkono, wanacheka. Kisha nikasikia wimbo wako unakuja kutoka barabarani. Wazazi wakavuta watoto wao. Meza ikanyanyuliwa juu ya vichwa vyetu, jua likaingia, tukabaki tumechuchumaa pale kama wezi kweli.

Wale waimbaji wakauliza, "Mkono ni nani?" Nikasema ni mimi. Wakaona mikono yangu yote miwili iko ndani ya Babu, mmoja kichwani, mmoja kushoto, wakanipiga teke la mbavu nikaanguka. Yeye alikuwa na nafasi ya kukimbia, shemeji, nafasi kabisa. Ilikuwa ni kuchomoa mkono tu kwenye koti. Hakuchomoa. Angechomoa kwa nguvu, bega la Babu lingechanika na mkono ungeanguka chini, na yeye alifundishwa utotoni kwamba mkono wa Babu hauangushwi.

Wakamburuta na Babu wake mpaka kwenye mlango wa chuma wa nyuma. Wakauweka mkono kwenye fremu, bado umevaa glavu ya Babu. Wakaufunga mlango. Wakaufungua, wakaufunga tena. Mwanaume mmoja akasema "Kacha," kwa sauti yako hasa, amekuigiza vizuri, na wenzake wakacheka.

Vidole viwili vimeondolewa. Cha tatu daktari anakiangalia. Mkono ule ni wa binti yako.

Kushona hajawahi kusoma. Miaka minne amejibana kwapani kwangu ulipokuwa wewe. Alitaka uketi, utazame, mwisho usome jina lake, uinuke kitini. Ndicho kiapo nilichokula. Ningekivunja tarehe 2, angekuwa na vidole vyake, na hilo nitakufa nalo. Lako na wewe unalijua.

Mama yake aje. Wewe amesema usije. Nimemwuliza mpaka lini. Akasema, "Kwanza aitazame."

Kichwa


Alhamisi, 2 Aprili

Shemeji,

Dada yako alipanda basi usiku uleule wa barua. Hakuniaga. Amechukua nguo zake zote.

Jana nimeenda sinema, onyesho la saa nane. Nimekaa safu ya katikati na aproni yangu ya damu, sikukumbuka kuivua. Watu walinitambua, wakanishangilia. "Mkono! Mkono!" Sikuwainulia mkono.

Nimetazama. Binti yangu nilimtambua hata kabla ya ile sehemu. Babu alichukua kikombe, kidole kidogo kikanyooka peke yake, akakikunja haraka. Amefanya hivyo tangu anaanza kushika kijiko, nami nilikuwa namgombeza. Kwenye simu ya yule mteja nilitazama mkono ule mara sita na sikumjua mwanangu. Naandika hili na siamini.

Kisha Babu akainua mkono juu ya kajukuu. Ukasimama. Ukatetemeka. Wote wakaanza kuzomea, na mimi nikaona kilichofuata, ambacho hamkukitia kwenye tangazo. Mkono ukashuka polepole ukashika sweta ya mtoto, ukafunga kifungo. Kidole gumba kikasukuma, cha shahada kikavuta, bila kuangalia. Kisha ukakigonga kifungo mara mbili.

Wewe hukuwepo asubuhi zile. Nilikuwa nafanya mazoezi ya mkono mmoja, namfunga sweta ya shule kwa kulia tu, macho nimefumba, maana mkono ulio ndani ya Babu hauoni, unafanya kwa kukumbuka. Nikimaliza nakigonga mara mbili, namwambia, "Mlango umefungwa, baridi haingii." Mimi nilisahau. Yeye alisahau kofi, akakumbuka kifungo. Au hakusahau chochote, ndiyo maana mkono ulisimama kwanza. Nililia, shemeji. Nililia kwa sauti mbele za watu.

Sasa nikwambie na lililobaki, nisifiche. Jirani yangu kitini alikuwa kijana wa miwani, mwembamba. Pale mkono ulipokuwa unagonga kifungo, akapaza sauti, "Mkono wa mwizi, kata!" na akanigeukia akitabasamu, anatafuta sifa kwangu. Nikampiga. Kofi lile lenyewe, kutoka begani, kwenye nyonga, shavuni. Miwani ikapasukia jichoni. Alianguka kati ya viti, nikamfuata hukohuko chini, nikampiga tena na tena, mpaka kiganja kikateleza. Na ukumbi mzima ukasimama ukanipigia makofi. Walikuwa wanaimba jina la Babu. Jina la binti yangu likapita kwenye skrini na hakuna aliyelisoma, hata mimi sikulisoma, nilikuwa chini napiga.

Msomee barua hii yote, usiruke. Mwambie nimeitazama. Mwambie kifungo nimekiona. Jumapili nitapanda basi la asubuhi, na nikifika nitakaa hata nje ya mlango wa wodi, nikae siku zote zitakazotakiwa. Nitamfunga sweta. Nitamlisha. Mkono wangu ni wake.

Baba yake


Jumamosi, 4 Aprili

Shemeji,

Salamu. Kidole cha tatu nacho kimeondolewa jana.

Nimemsomea yote, kama ulivyotaka. Kwenye kikombe alicheka kidogo. Kwenye kifungo akafumba macho, akaniambia nirudie, nikarudia mara tatu, mama yake analia pale kwenye kiti. Ile mara ya tatu alisema, "Alikiona." Nikadhani yamekwisha.

Nikaendelea kusoma. Nilipofika kwa yule kijana wa miwani, aliniuliza swali moja, kama jicho lake limepona. Nikamwambia hukuandika. Akageukia ukutani.

Basi la Jumapili usipande.

Mjomba wake