Sishuki

Jumatatu, 6 Agosti 1956

Leo nimegombana na lori. Lori lenyewe halina neno, lakini lina dereva, na dereva ni Zubery, na Zubery ana mdomo!

Mimi dresa wa dispensari nilikuwa naenda Ilembo kufunga watu vidonda. Sanduku la dawa nyuma, chupa ya dawa ya bluu nimeiviringishia bendeji isigongegonge. Barabara kiangazi hiki imetoka mbavu kama ng'ombe mwenye njaa. Ukipita katikati meno yanagongana. Ukipita pembeni, mchanga unameza gurudumu. Penye nafuu ni pale tu tairi za malori ziliposhindilia – mistari miwili myembamba. Sisi wa baiskeli tunautaka mmoja. Lori linaitaka yote miwili. Ndio ugomvi wote wa Mpanda huo, hakuna mwingine.

Zubery akaja nyuma yangu. Honi. Sikutoka. Honi tena. Nikampigia kengele – yeye ana honi, mimi sina yangu? Akanifuata taratibu mpaka darajani, halafu akapita kwa nguvu, vumbi lote mdomoni mwangu. Akachungulia dirishani: njia hiyo nimeichonga mimi kwa tairi zangu, wewe dresa kachonge ya kwako!

Nimefika kwa wagonjwa kope zimegeuka nyekundu. Bibi mmoja akaniuliza kama na mimi nimekuja kutibiwa.

Jumanne, 7 Agosti

Zubery amekwisha kuwatangazia watu. Nimekwenda kunywa chai hotelini kwa Rabia, nikakuta anasimulia jinsi nilivyokula vumbi. Na kucheka juu! Akasema kabla mwezi haujaisha atanishusha baiskeli kama anavyoshusha magunia ya Othmani tajiri yake.

Hasira ikanipanda. Nikasimama na kikombe mkononi. Nikasema mbele ya wote: Bwana Shauri, mzungu wa bomani, akipita nitashuka, padri akipita nitashuka, lakini kwa lori la Zubery – sishuki! Nikishuka, nyie wote mniite kuku.

Rabia akasema, Melkior mwanangu, ulimi huo utaulalia njaa. Nikamalizia kikombe. Chai yenyewe ilikuwa imepoa.

Na Daktari naye kanisema. Kasikia. Baiskeli hii ni ya dispensari, miaka sita nimefua bendeji na kumwaga mabeseni ndipo nikakabidhiwa. Anasema akiletewa shauri moja tu la barabarani, ataichukua, na mimi nitarudi kwenye mabeseni. Nikamwuliza, watu wa Ilembo nao? Akasema, watakuja wenyewe kwa miguu. Kwa miguu gani? Si hiyo yenye vidonda!

Ijumaa, 10 Agosti

Siandiki. Nina aibu.

Naandika.

Asubuhi, njia ya Ilembo, Zubery alikuwa anakuja mbele yangu, anarudi mjini. Mimi nimo kwenye mstari wangu, nimekaza mikono. Tukakaribiana. Moyoni nasema, leo utajua mimi ni nani. Vumbi likafunguka kidogo, nikaona ndani ya lori pembeni yake amekaa mtu. Kitambaa cha njano kichwani. Mama Mkwe!

Miguu ilishuka kabla kichwa hakijajua. Baiskeli kichakani, mimi nyuma ya kichuguu, nimechutama, macho chini, napiga makofi ya heshima. Ningefanyaje? Sisi Wakonongo mama wa mkeo ukikutana naye unampisha njia, humtazami usoni, huongei naye ana kwa ana, hata jina lake hulitaji. Hapa penyewe siliandiki. Baba yangu alichutama hivyo mpaka mvi zikamtoka.

Zubery akapunguza mwendo. Alidhani kanishinda yeye. Halafu akamtazama mama, akanitazama mimi, akamtazama mama tena. Nikamwona anaelewa. Loo!

Jumapili, 12 Agosti

Mjanja yule. Sasa kila safari ya sokoni anampitia Mama Mkwe nyumbani kwake Ilembo, anampakia na kapu lake la karanga, bure. Anamfungulia na mlango. Kalista mke wangu ametoka kumwona mama yake baada ya Misa, karudi na sifa tupu: mama anasema siku hizi miguu haimuumi, mama anasema Zubery ni Mwislamu lakini ana adabu kushinda Wakristo wengi.

Nikamwambia Kalista, nenda kamweleze mama yako kwamba anatumiwa. Akacheka mpaka akashika ukuta. Nimweleze nini, baba? Atembee na kapu kichwani ili mume wangu apite na kengele yake?

Tangu Ijumaa nimeshuka mara tatu. Tatu! Kwa Rabia sitii mguu.

Jumatano, 15 Agosti

Sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, na mimi ndiyo siku ya kuzikwa hai.

Baada ya Misa nilipigiwa hodi, kuna mtoto kaungua Ilembo. Nikaenda mbio. Lori hilo linakuja. Kitambaa cha njano ndani. Nikashuka, nikachutama, nikapiga makofi. Lori likasimama kabisa mbele yangu. Kimya. Miguu ikaanza kufa ganzi. Naendelea na makofi. Mwisho nikasikia mlango, na kicheko, na Zubery anasema, dresa, inuka, mkweo amekuitikia!

Gunia. Gunia la mpunga kutoka Usevya, kalikalisha kwenye kiti, kalifunga kitambaa cha njano.

Nimeliamkia gunia.

Mtoto nimemfunga vizuri.

Alhamisi, 16 Agosti

Mji mzima unajua. Sokoni: dresa, gunia hujambo? Dispensari: dresa, mkweo kashonwa vizuri? Hata Rabia, mama mtu mzima, kaniuliza kama mahari ililipwa kwa pishi.

Basi. Safari hii hata kikae kitambaa cha rangi gani ndani ya lori lile, kwangu ni gunia. Sishuki. Naandika hapa kwa nusu ya wino wote: SISHUKI.

Jumatatu, 20 Agosti

Mungu wangu.

Niandike kwa utaratibu. Asubuhi nilikuwa kwenye mstari, karibu na ule mteremko wa kabla ya Ilembo. Lori linakuja. Kitambaa cha njano. Nikajiambia, gunia. Likapiga honi. Gunia. Likakaribia, nikaona kitambaa kinageuka huku na huku – nikasema Zubery amefunga na kamba leo, anakichezesha. Sikushuka.

Zubery alikuwa na uhakika nitashuka. Hakushika breki mapema. Alipoona sitoki akakata usukani, lori likaingia mtaroni, likalala ubavu kidogo likakwama. Mimi nikaruka kwenye mchanga. Chupa ya dawa ya bluu ikapasuka, ikanimwagikia uso, sikio, shati zima.

Nikasikia sauti ya mama inalia. Magunia hayalii.

Zubery akamtoa. Mkono wa kushoto umevunjika, chini ya kiwiko, niliuona kwa mbali jinsi ulivyokaa. Na hapo ndipo nilipokwama kuliko lori. Mimi ni dresa! Njia nzima ile, ni mimi peke yangu ninayejua kuunga mkono. Na yeye ni mama wa mke wangu, simgusi. Nilikimbia hatua tatu kwenda, nikarudi mbili. Mwishowe nikajificha nyuma ya kichuguu, nikampa mgongo, nikamwita Zubery kwa sauti.

Nikamwambia: kata vijiti viwili vilivyonyooka. Akakata. Viviringishie bendeji. Akaviringisha. Sasa shika hapo juu ya kiwiko, usivute, shika tu. Akasema, Melkior, naogopa. Nikasema, hata mimi, shika. Mama Mkwe akasema – kwa Zubery, ingawa nilikuwa hatua sita tu – mwambie huyo wa kwenye kichuguu kwamba inauma. Nikasema, mwambie mama najua, ahesabu mpaka ishirini. Zubery akamwambia, kana kwamba mama hakunisikia. Akahesabu. Kufika kumi na nne ilikuwa imekwisha.

Alifunga vizuri. Lazima niseme kweli, alifunga vizuri kuliko wengi niliowafundisha, na machozi yalikuwa yanamtoka yule mwenye mdomo. Hatukutukanana hata neno. Tulimpandisha kwenye mkokoteni wa ng'ombe uliopita – yeye alimpandisha, mimi nilishika ng'ombe, nimegeuka upande.

Jumanne, 21 Agosti

Askari amekuja kuchukua baiskeli. Imewekwa barazani kwa Hakimu mpaka shauri liishe, Ijumaa. Ama dereva ana makosa, ama mwenye baiskeli. Nikionekana mimi niliziba njia, Daktari hanirudishii tena baiskeli – anampa mwingine, na mimi mabeseni. Akionekana Zubery, leseni yake inakatwa.

Nimekwenda Ilembo kwa miguu. Mwendo wa saa tatu kwenda tu, wagonjwa wanne, jua likanirudisha. Mzee mmoja mwenye kidonda cha mguu kaniuliza, kesho? Nikamwambia, labda kesho kutwa. Akatazama nyuma yangu akitafuta baiskeli.

Uso bado bluu. Nimesugua kwa sabuni na majivu, wapi!

Alhamisi, 23 Agosti

Kalista amelala siku mbili kwa mama yake, amerudi leo. Mama ataitwa kuwa shahidi. Wa pekee. Nikamwuliza, anasemaje? Atasema la kusema, kaniambia. Nikauliza, amekasirika? Kalista akapepeta mchele. Halafu akasema: mama hana hasira kwa ajili ya mkono. Ana hasira kwamba Ilembo nzima wanaulizana kama ni kweli mkwe wake alimtazama usoni akabaki juu ya baiskeli.

Nikasema nilidhani ni gunia. Kalista akasema, baba, hilo ndilo tumwambie?

Ijumaa, 24 Agosti

Naandika kwa penseli, nimekaa chini nje ya baraza, ukutani, chini ya dirisha. Mama Mkwe yumo ndani, kwa hiyo mimi siingii. Karani Cletus amecheka, lakini Hakimu ni Mkonongo, kaelewa. Kasema dresa akae nje, asikilize, atajibu akiwa huko huko.

Zubery ametangulia. Kasema kweli yote, sikutegemea! Kwamba alikuwa ananichezea. Kwamba alimbeba mama ili mimi nishuke. Kwamba hata gunia alilivisha – watu wakacheka, Hakimu naye nilimsikia. Lakini Jumatatu, akasema, dresa hakushuka, na mimi nilikata usukani nisimuue. Hajaongeza chumvi. Ndivyo ilivyokuwa.

Kisha mama akaitwa. Nikabandika sikio ukutani.

Sauti yake kavu kabisa. Kasema: mkwe wangu alishuka.

Hakimu akauliza, una hakika, mama? Akasema: alishuka. Alitupa baiskeli, akachutama, akapiga makofi. Niliyasikia kwa masikio yangu haya. Mkwe wangu ana adabu zake. Huyu dereva alikuwa anatazama wapi, mimi sijui.

Nikamsikia Zubery: Mama! Mara moja tu.

Mama yule! Mkono umefungwa kwa vijiti alivyokata Zubery, na bado. Si kwa kunipenda mimi. Ni kwa jina lake Ilembo. Afadhali lori liwe na makosa kuliko kuitwa mwanamke ambaye mkwe wake hamshukii.

Sasa nifanyeje? Nikisema nilishuka, baiskeli ninayo, kesho niko kwa yule mzee wa kidonda, na Zubery hana leseni, hana kazi. Nikisema sikushuka, nimemwita mama wa mke wangu mwongo, mbele ya watu, naye amekaa ndani anasikia. Hilo hata kichuguu hakilifichi.

Nimemwona Zubery mlangoni, katoka kutema mate. Kanitazama huu uso wa bluu. Hakucheka.

Wamemwomba mama atoke nipate kuingia. Amekataa. Anasema mkono unauma, hawezi kuinuka, na anataka kusikia.

Cletus amefungua dirisha juu ya kichwa changu. Nimegeuka, nimempa mgongo, bado naandika. Anasema, Hakimu anauliza, jibu kwa sauti wote wasikie: Melkior, ulishuka au hukushuka?